Nililala na Viatu Kisiwani Idjwi



Mwezi huu ninataka kuwaelezea safari moja niliyoifanya mwisho wa mwezi wa nane, mwaka 2019. Nimechelewa kuiandika kwa sababu ndani yake kuna mambo yangu mwenyewe ambayo si matamu kwa mchungaji kuyasema mbele ya watu. Lakini mama watoto aliniambia, "Kama hutasema yote, basi usiandike." Kwa hiyo nitasema yote.

Kalenda ya ukutani

Katika nyumba yetu ya Kashuga kulikuwa kalenda moja ukutani. Mwaka wake ulikuwa umepita zamani, lakini mama watoto alikataa kuitoa juu ya picha yake. Picha ilionyesha kijiji kidogo kando ya bahari: nyumba nyeupe tupu, mitumbwi mitatu imefungwa, maji ya rangi ya buluu yametulia kama maji ya beseni. Chini waliandika kwa Kifaransa kwamba ni kisiwa cha Ugiriki, katika bahari ya Mediterania. Hakukuwa mtu hata mmoja kwa ile picha. Mama watoto alikuwa akipenguza vumbi juu yake na kusema, "Baba, siku moja utanipeleka hapo, nilale usiku mmoja tu bila kusikia kitu."

Mimi nilikuwa nacheka. Lakini ninyi mnaojua Kashuga mnaelewa kwamba maneno yale hayakuwa ya kucheka. Kashuga ni kijiji cha barabara, ile inayotoka Mweso kwenda Kalembe na Pinga. Kila anayekimbia anapita kwetu, na kila anayemfukuza anayekimbia anapita kwetu pia. Tumekaa miaka mingi na kambi za waliohama vita pembeni ya nyumba zetu, na mara nyingine sisi wenyewe tulikuwa wahamaji. Maji pia tunayo. Maziwa manne ya Mokoto hayako mbali na kwetu, na ni mazuri kabisa. Lakini kule Mokoto, mwezi wa tano mwaka 1996, nilipokuwa kijana, watu waliokimbilia monasteri waliuawa. Tangu siku zile, mimi nikiona maji yaliyotulia siwazi amani. Ninawaza tu kwamba maji hayasemi yaliyoona.

Ule mwaka 2019 nyumba yetu ilikuwa na shida mbili. Ya kwanza, mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka 17, aliacha masomo ya sekondari akaenda Rubaya kuchimba koltani. Hakutuaga. Ya pili, nilikuwa na ugomvi na jirani yangu, na ule ugomvi nitaueleza mbele kidogo.

Ndipo rafiki yangu mmoja, tuliyekuwa naye kwa shule ya Biblia, akanipigia simu kutoka Idjwi. Alisema, "Ndugu, huku tunatafuta mchungaji wa kusaidiana na mimi. Kuja uone. Kuko kimya. Watoto wako watasoma."

Mama watoto alisikia maneno yote maana simu yangu ina sauti kubwa. Usiku ule ule alianza kukunja nguo zangu.

Namna nilivyofika

Nilitoka Kashuga kwa pikipiki mpaka Mweso, kisha nikapanda gari la mizigo, juu ya magunia ya maharagi, kupitia Kitshanga na Sake mpaka Goma. Kesho yake asubuhi nilishuka Kituku, kwa soko la kando ya ziwa, pale ambapo mitumbwi mikubwa ya mbao inaleta nanasi na makaa na inarudi na sabuni, chumvi na sukari.

Kwa kweli niliogopa. Mwezi wa nne wa mwaka ule ule mtumbwi mmoja ulizama upande wa Kalehe, na watu wengi sana hawakuonekana tena. Watu wa serikali walikuwa wamekaza kwamba kila msafiri avae jile. Nilivaa jile yangu na kuifunga mpaka pumzi ikawa shida. Mama mmoja muuza nanasi aliyekaa karibu nami akaniangalia, akasema:

"Baba Pasta, hii ziwa haiko na mamba wala kiboko. Unaogopa nini?"

"Mama, ninaogopa maji yenyewe."

"Eh, hapo umesema kweli," akanyamaza.

Tulipokuwa katikati upepo ukatupiga, na mvua ya kwanza ya majira ikatukuta hapo hapo. Hakuna paa, hakuna pa kujificha. Tulipofika pwani nilikuwa nimelowa mpaka ndani ya Biblia yangu. Rafiki yangu alikuwa anangoja kwa mchanga, na mke wake alikuwa amewasha moto mkubwa katika jiko la nje. Watu nisiowajua walikuja na blanketi. Nilikumbuka habari ya Paulo, jinsi merli yake ilivyovunjika kule Malta na wenyeji wakamkaribisha kwa moto kwa sababu ya mvua. Na Malta ni kisiwa cha bahari ile ile ya kalenda yetu. Nilicheka peke yangu kando ya moto. Nikasema moyoni, Mama watoto, kumbe nimefika kwa picha yako.

Kijiji chenyewe

Jina la kijiji sitaliandika, maana wenyeji hawakuniomba kuwatangaza. Kiko upande wa kaskazini wa kisiwa, mwendo wa miguu kutoka Bugarula. Idjwi si kisiwa kidogo kama wengi wetu tunavyofikiri. Kutoka kaskazini mpaka kusini ni karibu kilomita 40. Ni teritware nzima ya Kivu ya Kusini, yenye sheferi mbili, Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Wenyeji wengi ni Bahavu, na kuna pia Batwa ambao walikaa pale tangu zamani sana.

Nyumba za kijiji hazikuwa nyeupe kama za kalenda. Zilikuwa za udongo na mabati, kati ya ndizi, kahawa na nanasi. Njia zilikuwa nyembamba, za miguu na pikipiki tu. Mbuzi walifungwa kamba. Mitumbwi ilivutwa kwa mchanga. Watoto walioga, wakapigana na maji, wakarudi nyumbani bila mtu kuwaita kwa hofu. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonishangaza. Kwetu mtoto akichelewa dakika kumi mama anasimama mlangoni. Pale giza liliingia na mama mmoja alikuwa anasuka nywele za mwenzake, hawakuinua hata kichwa.

Tulikula bugali ya muhogo na sambaza wabichi waliokaangwa. Rafiki yangu alinieleza kwamba samaki hawa wadogo si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na samaki wachache. Leo maelfu ya watu wanaishi kwa sambaza. Nikasema, "Basi hawa ni wahamaji kama sisi." Akajibu, "Ndiyo, lakini wao walipewa makao."

Usiku wa kwanza

Nilipewa chumba kizuri, kitanda na neti. Nililala. Katikati ya usiku nikasikia sauti za wanaume wengi, wanaimba kwa pamoja, na sauti zinakaribia. Wapendwa, sikufikiri. Nilishuka kitandani, nikalala chini kwa saruji, nikaweka mfuko wangu juu ya kichwa. Moyo ulipiga kama ngoma. Nilingoja mlio wa kwanza.

Mlio haukuja. Mlango ulifunguliwa polepole, na rafiki yangu akaingia na tochi. Alimulika chini akaniona. Kisha akamulika miguu yangu.

"Ndugu," akasema, "umelala na viatu?"

Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimeoga, nimesali, nimevaa suruali yangu na kufunga kamba za viatu, kama tunavyofanya kwetu wakati hali si nzuri, na sikuona kwamba ninafanya jambo la ajabu. Na mfuko wangu ulikuwa tayari, wenye karatasi za watoto, diplomu yangu na franga kidogo.

Rafiki yangu hakucheka. Alinisaidia kusimama, tukatoka nje. "Njoo uone jeshi lako," akasema.

Mbele yetu ziwa lote lilikuwa na taa. Wavuvi wa sambaza wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, na taa inawekwa juu ya maji. Sambaza wanapenda mwangaza, wanapanda kuufuata, na wavu unawanyanyua. Kwa hiyo kazi yao ni usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, na wavuvi wanapumzika. Na wanaimba kwa sababu ya kupiga kasia kwa wakati mmoja. Ule wimbo ulionilaza chini ulikuwa wimbo wa kazi.

Mbali upande wa kaskazini, juu ya Goma, anga ilikuwa nyekundu. Ilikuwa ni moto wa Nyiragongo. Kwa miaka ile, kabla ya mlima kupasuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ule mwekundu ulionekana karibu kila usiku usio na mawingu. Tulikaa kwa mchanga. Rafiki yangu akaniambia kwamba hata chini ya ziwa hili kuna hatari: maji yana kina cha karibu metre 480, na huko chini imejaa gesi nyingi. "Unaona basi," akasema, "mlima wa moto mbele, gesi chini, mipaka pande zote. Watu wanaita hapa mahali pa kimya. Mimi ninaita mahali ambapo watu wanalala."

Nilivua viatu. Lakini usingizi haukurudi mpaka asubuhi. Wale waliokaa na kelele muda mrefu wanajua: kimya nacho kinaamsha mtu.

Kimya kina bei yake

Siku zilizofuata nilitembea na rafiki yangu kuwaona waumini. Nilikuwa na daftari, na katika daftari nilikuwa ninaandika sababu za kuhamia. Shule iko. Hospitali ya Monvu iko, ingawa ni mbali, upande wa kusini. Hakuna bunduki njiani. Nilikuwa nimekwisha kuandika sababu saba.

Siku ya tatu tuliingia kwa mama mmoja mjane. Alitupa nanasi, tukakaa. Nikamwambia, "Mama, ninyi mumebarikiwa, vita haikukaa kwenu." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa Kihavu, na rafiki yangu akatafsiri. Alisema kwamba bwana yake alipeleka kahawa Rwanda usiku, kwa mtumbwi, kwa sababu kule bei ilikuwa nzuri na huku mnunuzi hakuwako. Upepo ukawakuta. Wanaume wa kijiji kile na vijiji vingine walikufa namna hiyo, kila mwaka wengine, na mitumbwi ilirudi mitupu au haikurudi. "Maji hayapigi mlio kama bunduki," akasema. "Ndiyo maana ninyi hamukusikia."

Nilifunga daftari langu.

Nikaanza kuona mengine. Mashamba ni madogo sana, maana watu ni wengi na kisiwa hakiongezeki. Ugonjwa ule ule unaokausha ndizi, tuliouona Masisi, ulikuwa umefika kwao. Na vijana? Nilipouliza vijana wako wapi, wazee walionyesha kidole ng'ambo ya maji, upande wa magharibi: Numbi, Nyabibwe. Kwa machimbo! Nilitoka Kashuga kumkimbiza mtoto wangu mbali na machimbo, na hapa katika kijiji cha kimya vijana wanapanda mtumbwi kwenda kuchimba. Kijana hali kimya. Kimya bila kazi ni kama bugali bila mboga. Mtu anakula mara mbili, mara ya tatu anasimama.

Miti ya mikaratusi

Siku ya tano ndiyo ninayotaka mkumbuke.

Asubuhi tulikuta watu wamekaa kwa majani chini ya mti, karibu watu thelathini. Jamaa mbili zilikuwa zinagombana juu ya mstari wa mikaratusi kwenye mpaka wa mashamba. Miti tisa tu. Mmoja alisema baba yake aliipanda, mwingine alisema imepandwa kwa udongo wake. Nilifikiri neno hili litaisha kwa saa moja. Lilichukua siku nzima. Kila mtu alisema. Alipomaliza, mzee mmoja alirudia maneno yake yote na kumwuliza, "Ni hivi ulivyosema?" Akikubali, ndipo mwingine anasema. Mama wakasema. Kijana mmoja akalia. Jua likapita juu ya vichwa vyetu, hakuna aliyeondoka kwenda kula.

Mimi nilichoka. Nikamwuliza yule mzee pembeni, "Muzee, kwa nini musiwaache walale, mumalize kesho?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Pasta, kwenu kuko barabara?"

"Ndiyo, iko."

"Kumbe. Ninyi munagombana, kisha mumoja anashika barabara anakwenda. Akirudi, anarudi na watu. Sisi hapa tuko na maji tu. Ukigombana na mwenzako asubuhi, jioni munakutana kwa maji, kesho munakutana kwa kisima, Siku ya Mungu munakaa kwa benchi moja. Utakimbia wapi? Basi tunakaa hapa mupaka inaisha."

Jua lilipokuwa linazama waligawana: miti mitano kwa mmoja, minne kwa mwingine, na yule wa mitano atampa mwenzake mche wa kupanda upande wake. Wakanywa kasiksi kwa chungu kimoja. Mimi nilipewa mutobe, maji matamu ya ndizi yasiyochacha.

Sitaki kuwadanganya kwamba pale wote ni malaika. Niliona Batwa watatu wamesimama mbali na ule mkutano, nje ya kivuli. Niliuliza kwa nini hawakai nasi. Mzee alisema, "Wao hawana shamba, hawana neno la mpaka." Nikamwuliza, "Na nani alichukua shamba lao?" Hakujibu. Kwa hiyo hata kisiwa chenye kimya kina watu ambao neno lao halijarudiwa na mzee yeyote na kuulizwa, "Ni hivi ulivyosema?"

Ugomvi wangu

Sasa nifike kwa aibu yangu.

Kashuga nina jirani. Si wa kabila langu, na hapo mnaelewa uzito wake. Miaka miwili kabla ya safari ile, mbuzi wake waliingia katika shamba langu la maharagi wakala mistari mingi. Nilikwenda kwake na maneno makali, mbele ya watoto wake. Naye akanijibu neno kuhusu watu wa kwetu. Neno baya. Nikamjibu kuhusu watu wa kwao. Kisha kila mmoja akaingia kwake. Miaka miwili tulipitana njiani bila salamu. Nilisimama madhabahuni kufundisha mapatano, naye alisikia sauti yangu kutoka kwake, maana kanisa letu halina madirisha ya kioo.

Kwetu Masisi hakuna ugomvi wa mbuzi unaobaki wa mbuzi. Unangoja tu. Siku bunduki zinapokuja, mtu anakumbuka ule mbuzi.

Usiku ule Idjwi nililala bila viatu, lakini sikulala kwa amani. Nilijiuliza: mimi ninatafuta kijiji chenye kimya, na kelele mojawapo ya Kashuga ni mimi mwenyewe. Kama nikihamia huku na moyo huu, mwaka mmoja tu nitakuwa na mikaratusi yangu.

Asubuhi nilimwambia rafiki yangu kwamba sitakuja kuhamia. Alihuzunika. Alifikiri kijiji hakikunipendeza. Nikamwambia, "Kimenipendeza kabisa. Lakini nina neno ambalo sikumaliza kwetu, na kwetu kuko barabara. Ninaogopa kwamba hii safari ni ile barabara ya muzee."

Kurudi

Nilirudi na nanasi nne na mfuko wa sambaza waliokauka. Mama watoto alinipokea kwa furaha, akaniuliza, "Tunahama lini?" Nilipomwambia, aliweka nanasi chini, akaingia chumbani. Siku tatu alisema na mimi maneno ya lazima tu: chakula kiko tayari, maji ya kuoga yamechemka. Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa analala na mtoto mchanga mgongoni ili asipoteze muda wa kumfunga.

Siku ya nne nilichukua nusu ya sambaza nikaenda kwa jirani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua macho. Nikakaa chini, kwa majani, kama nilivyoona kule. Nikasema, "Ndugu, nimekuja kusema maneno ya mbuzi. Anza wewe. Nitarudia uliyosema, uniambie kama ndivyo." Alifikiri ninamfanyia mchezo. Lakini alianza. Wapendwa, nilijifunza kwamba siku ile mtoto wake alikuwa mgonjwa sana, ndiyo maana hakuna aliyewachunga wale mbuzi. Miaka miwili sikujua, kwa kuwa sikuuliza. Mtoto yule alikwisha kupona na kukua, nami sikuwahi kumpa pole baba yake.

Tulikaa mpaka giza. Mke wake akakaanga zile sambaza.

Leo

Mambo mengi yamepita toka hapo. Mwaka 2023 na 2024 vita ilirudi kwa nguvu kwa barabara yetu ya Kitshanga na Mweso, na sisi tulikimbia kama wengine, kwa miguu, mvua juu ya kichwa. Jirani yangu ndiye aliyekuja usiku kutuambia njia ipi imefungwa na ipi bado wazi. Alikuja mwenyewe, wakati ambapo mtu wa kabila lake kuonekana mlangoni kwangu lilikuwa jambo la hatari kwake. Sisemi kwamba sambaza ziliokoa maisha yetu. Ninasema tu kwamba mtu usiyemsalimu hawezi kugonga mlango wako usiku.

Kalenda ilibaki ukutani. Baadaye tulisikia kwamba mabati ya nyumba yalitolewa yote, kwa hiyo mvua imekwisha kuila ile picha.

Wala sitasema kwamba Idjwi ya leo ni ile niliyoiona mwaka 2019. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita iliingia Goma mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili, na kisiwa kiko katikati ya ile miji miwili. Rafiki yangu alituma habari kwamba watu wa ng'ambo walifika kwa mitumbwi na vitu vyao kichwani, na mke wake aliwasha tena ule moto wa nje. Na ziwa lenyewe halikuacha kudai: tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 mtumbwi uliotoka Minova ulizama karibu na Kituku, watu wakiwa wanauona mji mbele yao. Nilifikiri juu ya yule mama muuza nanasi. Sijui kama alikuwamo.

Mtoto wetu bado yuko kwa machimbo. Mara mojamoja anatuma makuta, na mara mojamoja anapiga simu. Mara ya mwisho nilimwambia, "Mwanangu, sitakuuliza kwa nini ulikwenda bila kutuaga. Sema wewe, nami nitarudia." Alinyamaza muda mrefu kwa simu. Kisha akasema, "Papa, siku nyingine." Ninangoja ile siku nyingine.

Na mama watoto? Bado ananiuliza, hasa usiku mvua ikinyesha juu ya nyumba hii ya watu tunamokaa: "Na kama tungehamia kule, baba?" Sina jibu la kumtuliza. Pengine watoto wangesoma. Pengine ningemwona mmoja wao akipanda mtumbwi kwenda Numbi. Ninachojua ni kwamba nilitafuta kimya kisiwani, na kisiwa kilinirudisha kwa jirani yangu.

Msomaji mpendwa, wewe uliye kwa machimbo, unalala hema moja na watu wa makabila matano, au wewe uliye kijijini na mpaka wa shamba: labda hutaiona Idjwi, wala ile bahari ya kalenda. Lakini kuna mtu mmoja unayepitana naye njiani bila salamu. Mkae leo, kabla barabara haijamchukua mmoja wenu.